Meno Yaliyochongwa na Macho Yanayoyatazama

Wakamba wa zamani walichonga meno ya mbele ya juu yakawa na ncha. Fundi alishika patasi ndogo na nyundo, akabandua ukingo wa jino kidogo kidogo, na aliyechongwa akaondoka na kinywa ambacho wenzake wa Kitui, Mbooni au Nzaui walikiona kizuri. Nia ilikuwa urembo. Mgeni kutoka Ulaya aliona jingine kabisa: meno makali, basi huyu ni mla watu.

Dhana hiyo ilimwangamiza mtu. Ota Benga, Mbuti kutoka Kongo ambaye naye alichongwa meno, alipelekwa Marekani akaonyeshwa kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904. Septemba 1906 akawekwa katika banda la nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Meno yake yalinadiwa kuwa ushahidi wa ulaji watu. Baadaye, akiishi Lynchburg, Virginia, yalifunikwa ili afanane na waliomzunguka. Alijiua mwaka 1916. Mwaka uleule wa banda la nyani, msomi Mmarekani William Graham Sumner alichapisha kitabu kiitwacho Folkways, kilichoeleza kwa kina kile ambacho wanaanthropolojia wanakiita etnosentrizimu: kuiweka jamii yako katikati ya dunia, kisha kuzipima nyingine zote kwa kibaba chako.

Mwanaanthropolojia huanza kwa kukiweka kando kibaba hicho na kuuliza wenyewe wanafanya nini. Gerhard Lindblom, Mswidi, aliishi Ukambani mwaka 1911 na 1912, akaandika kitabu ambacho hadi leo hakikwepeki kwa anayetaka kuijua jamii hiyo. Wamisionari waliokuwa Ikutha na Mulango walikuwa wakizikataza ngoma za jando kama mambo ya giza. Lindblom alikaa akaziandika hatua kwa hatua. Kulikuwa na nzaiko nini, yaani jando dogo, ambapo wavulana na wasichana walikatwa, na nzaiko nene, yaani jando kubwa, ambamo kisu hakikuwa na kazi kubwa. Hapo vijana walipewa mafumbo ya michoro wayafumbue, wakafundishwa mwenendo wa mtu mzima, wakakabiliwa na mbusya, yaani kifaru, aliyetengenezwa na wakubwa ili kuwapima ujasiri. Kwa Mkamba wa wakati ule, aliyekatwa tu bila kufundishwa alikuwa bado hajakamilika. Mfaransa Arnold van Gennep alikuwa ameonyesha mwaka 1909 kwamba mila za namna hii duniani kote zina mwendo unaofanana: mtu hutengwa, huishi kwa muda akiwa si mtoto wala si mkubwa, kisha hurudishwa nyumbani akiwa na hadhi mpya.

Swali gumu zaidi ni hili: je, mila ni za wengine tu? Mwaka 1956 Mmarekani Horace Miner aliandika makala kuhusu kabila moja linaloutukuza mwili kupita kiasi, lenye sanduku la dawa kwenye kila nyumba na waganga wa kinywa wanaotoboa meno ya watu mwaka hadi mwaka. Kabila hilo lilikuwa Wamarekani wenyewe, na jina lao liliandikwa kinyumenyume. Mbinu yake inafaa hapa kwetu. Kijana wa mji wa Wote anayelipa fedha nyingi afungwe nyaya za chuma menoni kwa miaka miwili, avumilie maumivu ili tabasamu linyooke, anafanya jambo ambalo babu yake angelielewa mara moja. Tofauti ni kwamba la babu tunaliita mila na la mjukuu tunaliita matibabu.

Wala jicho la kuwapima wengine si la Wazungu peke yao. Wajaluo wa zamani waling'oa meno sita ya chini, na huenda jirani mwenye meno ya ncha alilitazama pengo lile kwa mshangao uleule aliotazamwa nao. Hilo lingekuwa jambo dogo. Kubwa ni govi. Kwa Kikamba, kivisi ni mvulana ambaye hajatahiriwa, na kumtupia mtu mzima jina hilo ni kumvua utu uzima wake. Siasa za Kenya zimelitumia tusi la namna hiyo mara nyingi mno, na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilituonyesha linakoishia: Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliandika visa vya wanaume Wajaluo waliokatwa kwa nguvu. Sijui dharau ya kitamaduni iliyo wazi kuliko hiyo.

Hata hivyo, kuielewa mila si kuihalalisha. Mwaka 2017 Daktari Tatu Kamau aliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu ya Machakos akiipinga Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya 2011. Alidai kuwa inawanyima wanawake watu wazima haki ya kufuata utamaduni wao, na kwamba tabia ya kuiita mila hiyo ukatili imetoka nje. Hoja yake ya pili ina uzito, kwa sababu wakoloni na wamisionari kweli waliidharau jamii nzima kwa jina la kumtetea msichana. Lakini mahakama iliikataa kesi hiyo mwaka 2021, na naona ilifanya vyema. Kisu kinaacha kovu, kinavujisha damu na kuhatarisha uzazi, na madhara hayo hayategemei anayetazama ametoka wapi. Rekodi ya Lindblom inaonyesha wapi pa kukata shauri: mafumbo, nyimbo na mafundisho ya nzaiko nene yalisimama yenyewe bila kumkata msichana. Bibi wa Mwingi au Kibwezi anayeyakumbuka anaweza kuwafundisha wajukuu wake leo, wavulana na wasichana, na hakuna sheria ya Kenya inayomzuia.