Je, Wajua? Ofu ya Siku Nne na Mizabibu ya Dodoma

Je, wajua kwamba mtu wa mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu akitaka kwenda kuona mashamba ya mvinyo hahitaji pasipoti? Barabara ni ileile ya malori ya Rwanda. Unatoka Kakola, uliko mgodi, hadi Kahama, unashika Isaka, Tinde, Nzega, Igunga, Singida, Manyoni na Bahi, halafu Dodoma hiyo hapo. Ni zaidi ya kilometa 500, kwa hiyo siku ya kwenda na siku ya kurudi zinamezwa na safari. Mwenye ofu ya siku nne anabakiwa na mbili za kutembea, na ndiyo maana inabidi achague upande mmoja wa mizabibu badala ya kuigusagusa yote.

Je, wajua kwamba kabla hujafika kwenye zabibu utapita kwanza kwenye dhahabu? Sekenke, kwenye milima iliyo kati ya Igunga na Singida, ilichimbwa dhahabu na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Bulyanhulu yenyewe ilianza uzalishaji mwaka 2001. Anayefanya kazi chini ya ardhi Kakola ajitahidi kuipita Sekenke mchana, ayaone mazingira walikohangaikia wenzake wa zamani.

Je, wajua kwamba Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka? Hili ulijue kabla ya lingine lolote. Msimu mmoja ni Februari na Machi, mwingine ni Agosti na Septemba. Kule Italia na Ufaransa, baridi ikiingia mzabibu hupukutisha majani na kulala hadi majira ya kuchipua, hivyo mavuno ni mara moja tu. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta na haina baridi ya kuulaza mzabibu. Anayeulaza ni mkulima mwenyewe: anaupunguzia maji, anapogoa matawi, kisha anasubiri kama miezi minne hadi vichala vikomae. Ukienda bila kuuliza msimu unaweza kukuta shamba limetoka kupogolewa, nguzo na nyaya tupu, na ofu yako imekwisha. Mtu akiniuliza aende Hombolo au Bihawana, maeneo mawili ya mizabibu, nami humuuliza kwanza anakwenda mwezi gani.

Je, wajua kwamba maeneo hayo mawili yamepakana na jiji lilelile lakini yako pande tofauti kabisa? Bihawana na Mpunguzi ziko kusini, kwenye barabara ya Iringa. Hombolo iko kaskazini-mashariki, kilometa 40 hivi kutoka mjini. Ukitokea Singida unaingilia magharibi, na kila upande unakutaka ukate jiji au ulizunguke. Kuzifanya zote mbili ndani ya siku moja inawezekana, lakini utakachokiona zaidi ni vumbi na taa za barabarani.

Je, wajua kwamba Bihawana ndiko historia iliko? Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu hapo mwaka 1957, wakiwa na haja ya divai ya misa. Kutoka misheni kilimo hicho kiliingia kwa wakulima wa vijiji vya jirani, na leo ukishuka Mpunguzi unakuta mashamba ya familia, nusu eka hapa, eka mbili pale, mizabibu ikipakana na mtama na alizeti. Huko ndiko ningempeleka mgeni mwenye siku moja tu. Anaongea na mwenye shamba, si na kibao cha geti.

Hombolo ina bwawa kubwa lililojengwa enzi za mkoloni, na ina kiwanda cha CETAWICO, kampuni iliyoanzishwa na Waitaliano. Anayetaka kuona matangi ya chuma na mashine za kukamulia aende huko. Apige simu kabla, kwa sababu kiwanda kikiwa katikati ya mavuno hakina mtu wa kutembeza wageni.

Je, wajua kwamba Dodoma watu wanazungumza kuhusu "mchuzi wa zabibu" na hawana maana ya mboga? Ni divai iliyokamuliwa na kuchachushwa, ikauzwa kwa jumla kwenye matangi kabla haijatiwa kwenye chupa. Msindikaji mdogo asiye na mtambo wa kujaza chupa huuza mchuzi kwa kampuni kubwa. Bei ya mchuzi ikishuka, mkulima wa Mpunguzi anaijua siku hiyohiyo, maana zabibu iliyoiva haina subira kama mahindi ya ghalani. Ikikosa mnunuzi inaozea mtini.

Je, wajua mnunuzi anavyoamua? Anachuma punje chache kutoka vichala tofauti, anaminya tone la maji yake kwenye kioo cha kifaa kidogo chenye umbo la kurunzi, anakielekeza kwenye jua na kuchungulia. Ndani kuna vipimo, na mstari wa kivuli unamwonyesha kiasi cha sukari. Sukari ikiwa pungufu, mzigo unaambiwa usubiri au bei inashuka. Mwombe akuache uchungulie, wengi hawana choyo. Kwa mtu aliyezoea kuona sampuli za mwamba zikienda maabara ndipo ijulikane mwamba una gramu ngapi, dakika hiyo moja inatosha kulipia nauli.

Je, wajua kwamba zabibu nyekundu maarufu ya Dodoma inaitwa Makutupora, kama kituo cha utafiti kilicho kwenye barabara ya Arusha? Nyeupe inayolimwa sana ni Chenin Blanc, yenye asili ya Ufaransa. Wekundu wa mvinyo hutoka kwenye maganda, si kwenye maji ya zabibu. Ndiyo maana za mvinyo mwekundu huachwa zichachuke pamoja na maganda yake, na za mvinyo mweupe hukamuliwa na kutenganishwa nayo mapema.

Je, wajua kwamba maonyesho ya wakulima ya Nane Nane huangukia kwenye msimu wa pili? Viwanja vyake vya Nzuguni viko barabara ya Dar es Salaam, na wasindikaji wa mvinyo huweka mabanda huko. Asiyeweza kuchagua kati ya Hombolo na Bihawana aonje chupa za pande zote Nzuguni tarehe 8 Agosti, kesho yake aende kwenye shamba la ile iliyompendeza. Atakayeshika usukani asionje kabisa. Barabara ya kurudi Kahama ni ndefu na malori ni mengi.

Je, wajua jinsi ya kuchagua zabibu za kula za kupeleka nyumbani? Tazama kikonyo. Kikiwa kijani na kigumu, zimekatwa karibuni. Kikiwa cha kahawia na kimesinyaa, zimeshakaa, hata punje zikiwa bado zinang'aa. Nunua asubuhi ya kuondoka, zipange kwenye kreti ya plastiki yenye matundu, usizifunge kwenye mfuko, na ukisimama kula Singida kreti uiweke kivulini.