Sanduku la muosha mazulia: niliyojifunza Laini Saba

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini huu mwaka wa sita natafuta riziki Laini Saba, Kibera, kwa kuosha mazulia. Wateja wangu wengi wako Nyayo Highrise, Ngumo na Lang'ata. Kila nikirudi nyumbani kwa Idd, vijana huniuliza swali lile lile: unatumia dawa gani? Wanadhani kuna chupa moja ya siri. Nilipoanza nilikuwa nayo hiyo chupa moja, nayo ilikuwa ya jiki. Ndiyo iliyonitia hasarani.

Lilikuwa zulia la sufi, rangi ya damu ya mzee, mtoto kalikojolea siku nyingi. Mwenyewe, mama wa makamo, akaniambia, "Mwanangu, harufu itoke kabla wageni wangu hawajafika." Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa baridi ya Julai. Nikamimina jiki, na kwa kuwa harufu haikukata, nikaongeza siki. Hewa kali ikapanda, macho yakanitoka machozi, kifua kikabana, nikakimbilia barazani nikikohoa. Tuliporudi ndani, doa limegeuka njano na nyuzi zinakatika kwa kidole. Zulia lile nililipa kidogo kidogo kwa miezi minne.

Makosa yalikuwa matatu. Mkojo uliokaa hutoa amonia, na jiki ikikutana na amonia hutoa hewa ya kloramini, inayounguza koo na mapafu. Jiki ikikutana na siki hutoa klorini, nayo ni sumu. Tena sufi ni manyoya ya kondoo, na jiki huyala manyoya. Kwenye vyumba vyetu vya Kibera, futi 10 kwa 10, mlango mmoja na mtoto kalala pembeni, mchanganyiko kama ule waweza kuua mtu. Sanduku langu la leo halina jiki kabisa.

Lina nini basi? Kwanza, kiberiti. Kabla ya kutia maji, nachomoa uzi mmoja upande wa chini wa zulia, natoka nao nje, nauchoma. Ukinuka kama nywele zilizoungua na jivu likasagika, hiyo ni sufi. Ukiyeyuka na kuganda kama shanga, ni plastiki. Sufi naiepusha na jiki, na magadi, na maji ya moto. Plastiki ni mvumilivu zaidi, ila pasi huiyeyusha.

Pili, vitambaa vyeupe vya pamba, vingi. Mimi hununua mashuka na taulo kuukuu za mitumba soko la Toi, nikazikata. Lazima viwe vyeupe, kwa sababu cha rangi chaweza kuchuja na kukuongezea doa, na pia cheupe hukuonyesha kama doa linatoka au ni rangi ya zulia yenyewe. Doa hugandamizwa, halisuguliwi, nawe uanze ukingoni uelekee katikati lisitambae.

Chupa ni ndogo ndogo, kila moja na jina lake. Maji baridi ni ya damu, maziwa na mayai. Maji ya moto hupika damu ikashika kwenye uzi kama ute wa yai kikaangoni. Siki, kijiko kimoja kwa viwili vya maji, ni ya chai, kahawa na mkojo, baada ya kufyonza kwanza kwa maji baridi. Mafuta nayanyunyizia poda, naiacha iyanywe, naikung'uta, ndipo natia tone la sabuni ya vyombo. Spiriti ni ya wino, nayo hutiwa kwenye kitambaa, haimwagwi juu ya zulia, maana hulegeza gundi ya chini. Hakikisha jiko limezimwa. Nta ya mshumaa, na umeme wetu huu mishumaa haikosi, igandishe kwa barafu kisha uikwangue kwa kijiko butu. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ya duka la dawa, naiweka mwisho kabisa kwa sababu hupausha rangi. Kila kitu hujaribiwa kwanza kwenye pembe iliyofichwa na kochi. Ongeza glavu za mpira, na madirisha wazi hata mwenye nyumba akilalamika baridi.

Sisi watu wa Pwani tuna doa letu, manjano ya mchuzi. Ukiitia sabuni kali hugeuka nyekundu palepale, na mteja atakwambia umemharibia. Usibabaike. Suuza sabuni yote, pitisha siki kidogo, rangi itarudi njano. Kinachobaki kianike juani, jua huyafifisha manjano kuliko dawa nyingi.

Tatizo la Nairobi ni kulipata hilo jua. Juni na Julai zulia lililolowa chapachapa laweza kukaa siku tatu likaanza kunuka uvundo. Kwetu Laini Saba maji tunanunua kwa mtungi, hivyo tulishajifunza kutumia machache, na hapo uhaba umetufaa. Zulia lenye doa moja haliogeshwi lote. Natibu doa, nafyonza kwa taulo kavu nikiikanyaga kwa miguu, basi.

Cha mwisho sandukuni ni daftari. Kabla sijagusa kitu napiga picha kwa simu, naandika madoa yote, na mteja anaona. Hina iliyokaa usiku kucha kwenye sufi haitoki bila kuharibu sufi. Kaa la chetezo likidondoka huacha tundu, na tundu si doa. Hayo nayasema mlangoni, kabla ya kutaja bei.