Jezi ya golikipa bila etiketi ni nguo tu

Hapa Pangi kila mchimbaji anajua maana ya etiketi. Mfuko wa kasiteriti ukitoka kwenye shimo bila etiketi, hauna baba wala mama. Mnunuzi wa halali haupokei, na yule anayeupokea kwa siri anatoa bei anayotaka yeye. Mchanga ni ule ule, kilo ni zile zile. Kinachokosekana ni habari: umetoka shimo gani, siku gani, mikononi mwa nani.

Ndugu wasomaji, kuna kitu kingine kimelala bila etiketi ndani ya masanduku ya wazee wetu, Kalima, Kampene na hata Kindu mjini: jezi za zamani za mpira, na zaidi jezi za magolikipa. Duniani kuna watu wanaozitafuta na kuzilipa vizuri. Sisi tunapangusia nazo baiskeli.

Kwa nini golikipa? Hesabu ni rahisi. Sheria ya mpira inataka golikipa avae rangi tofauti na wenzake. Basi timu ikiwa na jezi kumi za rangi moja, ya golikipa ilikuwa moja tu, ao mbili kama timu ilikuwa na makuta. Tena yeye ndiye anayejitupa chini kwenye matope, kwa hiyo jezi yake inapasuka mbele ya zingine. Zilizobaki ni chache sana.

Huko Kanada, kwenye hoki ya barafu, wako watu wanaokusanya jezi za magolikipa zilizovaliwa kweli mchezoni. Hawataki mpya. Wanatafuta doa, mahali palipopasuka na kushonwa, alama nyeusi ya kile kisahani kigumu wanachopiga badala ya mpira. Kwao jezi safi sana inaleta mashaka.

Na bei? Mwaka 2022 kule London, jezi ambayo Maradona alivaa akiwafunga Waingereza mwaka 1986 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni milioni 7. Steve Hodge, mchezaji wa Uingereza aliyebadilishana naye jezi siku ile, alikuwa ameitunza zaidi ya miaka 30. Mbele ya mnada, binti ya Maradona alisema hiyo ni jezi ya kipindi cha kwanza, si ile ya magoli. Wauzaji walitegemea picha za siku ile, zikalinganishwa na jezi alama kwa alama. Hiyo ndiyo kazi ya etiketi: inamaliza maneno.

Turudi kwetu. Tarehe 18 Juni 1974, Gelsenkirchen, Ujerumani, Leopards wa Zaire walicheza na Yugoslavia. Walikuwa mabingwa wa Afrika, kikombe walikitwaa Machi ya mwaka ule kule Misri. Kila mtu anakumbuka 9-0. Wachache wanakumbuka kwamba siku ile magolikipa walikuwa wawili: Kazadi Mwamba alitolewa baada ya magoli matatu, dakika ishirini na kitu, akaingia Tubilandu Ndimbi. Leo mtu akikuletea jezi na kusema ni ya golikipa wa Zaire siku ya Yugoslavia, swali la kwanza ni hili: ya nani kati ya wale wawili? Bila picha na bila shahidi, hakuna wa kujibu. Na mashahidi wa 1974 wanatutoka mmoja mmoja.

Kwa Robert Kidiaba kazi ni nyepesi. Desemba 2010 kule Abu Dhabi, TP Mazembe ilipopiga Internacional ya Brazil 2-0 na kufika finali ya vilabu vya dunia, kamera zilikuwa kila upande. Alipokuwa anarukaruka kwa matako, jezi yake yote ilikuwa kwenye picha.

Lakini golikipa wa timu ya kambi, aliyedaka siku ya Mungu baada ya juma zima la kazi, nani alimpiga picha? Migodi ya Kalima ilikuwa ya Symétain, kisha ikawa ya Sominki. Kampuni zile zimepita, lakini majina yao yameandikwa vitabuni. Ya wafanyakazi hayakuandikwa. Jezi ya baba inaweza kuwa kitu pekee kinachosema kwamba alikuwa pia mtu wa kushangiliwa, si namba ya kazi tu.

Basi tufanye nini? Kwanza, msiifue kwa javeli, msiipige pasi, msishone palipotoboka. Kiwiko kilicholika na doa la udongo ubavuni ndio ushahidi wenyewe. Pili, isifungwe ndani ya plastiki. Mvua zetu mnazijua, itaota ukungu. Ifungwe kwa kitambaa safi cha pamba, mahali pakavu, mbali na mende na mchwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa: mzee akiwa bado hai, mkae naye na daftari. Andikeni jina lake, timu, mwaka, walicheza na nani, nani alimpa jezi. Wenzake wawili waliokuwepo watie sahihi. Kisha mpige picha kwa simu, mzee akiishika jezi mkononi. Karatasi ile ilale pamoja na jezi.

Sisemi msiuze. Nyumba yenye njaa inauza, na hakuna wa kuihukumu. Lakini mtu akipita na kutoa franga za pombe mbili kwa jezi ya baba, mjue anafanya kama yule anayenunua kasiteriti usiku. Anahesabu kwamba hamjui mnachouza. Katika sendika tunaona kila siku: mfanyakazi asiye na karatasi anaongea sana na kupata kidogo.

Na kazi isingoje ya zamani tu. Msimu wa 2024-2025, AS Maniema Union ya Kindu ilicheza makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, pamoja na Sundowns, Raja na FAR Rabat. Jezi za magolikipa wa msimu ule bado zipo, na wenyewe wako hai. Etiketi yao inaweza kuandikwa juma hili.