Ada ya shule ilivyomwingiza mchungaji kwenye siasa

Mzazi aliyewahi kukaa usiku akihesabu fedha za ada na kuona hazifiki, anaijua hali aliyokuwa nayo Mchungaji Evan Mawarire wa Harare, Zimbabwe, mwezi Aprili 2016.

Alikuwa baba wa mabinti wawili na mchungaji wa kanisa dogo. Hakuwa mwanachama maarufu wa chama chochote. Taifa lilikuwa limetoka kusherehekea Uhuru, Aprili 18, lakini yeye hakujua ada ya watoto ingetoka wapi.

Akiwa ofisini, alivaa bendera ya taifa shingoni, akajirekodi na kuanza kuzungumza. Alitaja rangi moja baada ya nyingine: kijani ya mashamba, njano ya madini, nyekundu ya damu ya waliopigania uhuru. Kwa kila rangi aliuliza kama ahadi yake bado ipo. Video hiyo ya dakika chache aliiweka Facebook.

Watu wengi walijiona humo. Wakaanza kupiga picha na bendera zao, na vuguvugu hilo likajulikana kwa jina la #ThisFlag. Mchungaji akawaomba wananchi waibebe bendera kila siku hadi Mei 25, Siku ya Afrika.

Siku mji uliponyamaza

Miezi miwili baadaye hasira ilikuwa imeongezeka. Watumishi wa umma walicheleweshewa mishahara, benki hazikuwa na fedha taslimu, na serikali ilizuia kuingiza bidhaa nyingi zilizowapa riziki wachuuzi wa mpakani.

Ujumbe ukasambaa kwa WhatsApp, Facebook na Twitter: Julai 6, kila mtu abaki nyumbani. Haukuwa wito wa maandamano wala mawe. Maduka yalifungwa na barabara za Harare zikawa tupu.

Wiki moja haikupita, mchungaji akakamatwa. Kwanza alidaiwa kuchochea vurugu, lakini Julai 13 mahakamani mashtaka yakageuka kuwa ya kujaribu kuipindua serikali. Mawakili wapatao mia moja walijitokeza kumtetea, huku umati ukiimba na kusali nje. Jioni hakimu alimwachia, kwa kuwa mashtaka yalibadilishwa kinyume cha sheria.

Mke na watoto

Nyuma ya bendera kulikuwa na nyumba. Mke wake alikuwa mjamzito, na Rais Robert Mugabe alimsema hadharani mchungaji huyo. Familia ikaondoka, kwanza Afrika Kusini, kisha Marekani.

Baadhi ya waliomfuata waliumia. Walimwona kama mchungaji aliyeacha kundi. Kwa baba mwenye mke mjamzito, lawama hiyo haikuwa na jibu jepesi: akibaki anaiweka familia hatarini, akiondoka anaonekana msaliti.

Februari 1, 2017 alirudi, akiiacha familia Marekani. Alikamatwa palepale uwanja wa ndege wa Harare na kupelekwa gereza la Chikurubi, kabla ya kupata dhamana siku chache baadaye. Kesi iliendelea hadi Novemba mwaka huo, alipoachiwa huru, siku chache baada ya Mugabe kujiuzulu.

Kupendwa mtandaoni, kuchaguliwa mtaani

Uchaguzi wa Julai 30, 2018 ulikuwa wa kwanza bila Mugabe kwenye karatasi ya kura. Wengi wangetarajia mtu mwenye jina kubwa hivyo agombee ubunge au zaidi. Yeye aligombea udiwani katika kata moja ya Harare, akiwa mgombea binafsi.

Ukiangalia maisha ya familia za mji huo, uamuzi huo unaeleweka. Maji ya bomba, takataka na majitaka ni kazi ya halmashauri. Septemba mwaka huohuo kipindupindu kiliua watu jijini humo.

Hata hivyo alishindwa. Video hutazamwa na mtu aliye Bulawayo, Johannesburg au London, lakini diwani huchaguliwa na waliojiandikisha kwenye kata yake tu. Tena, wakati huo katika miji ya Zimbabwe wapinzani wa serikali walikuwa wamezoea kupigia kura chama cha MDC. Mgombea binafsi, hata akipendwa, huonekana anagawa kura.

Kushindwa hakukumwondolea hatari. Januari 2019 bei ya mafuta ilipopanda zaidi ya mara mbili, vyama vya wafanyakazi viliitisha mgomo wa siku tatu naye akauunga mkono. Serikali ilizima intaneti, na polisi wakamfuata nyumbani. Alirudishwa Chikurubi kwa tuhuma za uasi, kosa lenye kifungo cha hadi miaka 20, na akakaa ndani takriban wiki mbili kabla ya dhamana.

Leo vijana wengi wanaweza kurusha video yenye maneno makali kwa dakika nne. Safari ya Mawarire inaonyesha kwamba dakika hizo hazimgharimu aliyezungumza peke yake. Mke hulipa, watoto hulipa, hata wasioulizwa. Ndiyo maana mazungumzo ya kwanza ya anayetaka kuingia kwenye harakati au siasa ni vyema yafanyike mezani nyumbani, na mwenzi wake, kabla simu haijawashwa.