Je, Wajua? Pikipiki Hulala, Ikaamka na Kikohozi

Je, wajua kwamba pikipiki iliyoachwa stoo miezi mitatu, kule Keroka au Nyamira, mara nyingi huzimika ukiachia aksileta kwa sababu ya kijitundu kisichofika nusu milimita? Ni tundu la jeti ndogo ndani ya kabureta, inayolisha injini ikinguruma taratibu pikipiki ikiwa imesimama. Petroli ikikaa, sehemu yake nyepesi huruka hewani. Masalia hugeuka utando unaonata kama ulimbo. Jeti kubwa, ya mwendo wa kasi, haizibi upesi. Ndiyo maana barabarani yaenda vizuri, ukifika kwenye msongamano wa mjini Kisii, kimya!

Wengi hukimbilia kukaza skrubu ya kuongeza mizunguko. Huko ni kuficha ugonjwa. Jeti ifunguliwe, ioshwe kwa dawa ya kabureta, ipulizwe hewa. Waya usitie kabisa: shaba ni laini, na tundu likipanuka injini italewa petroli, hasa huku Kisii kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi.

Kabla ya kuilaza pikipiki tena, funga koki ya tangi, uiache ingurume hadi izime yenyewe.