Dakika Tano na Mdoli

Mtoto aliyezaliwa bila kulia hawezi kusubiri. Wakunga huiita dakika yake ya kwanza dakika ya dhahabu. Ndani yake anapaswa kukaushwa na kusuguliwa mgongo, na asipopumua, aanze kupewa hewa kwa ambu, yaani mfuko wa kupumulishia wenye barakoa. Kichwa kinyooshwe kidogo tu, barakoa izibe sawasawa kidevu, mdomo na pua, kisha kifua kionekane kikiinuka. Hiyo ni kazi ya mikono, na mikono haijui kitu kwa kusomewa.

Shida ya mwanafunzi wa ukunga ni kwamba dharura haina ratiba. Anaweza kumaliza zamu zake za leba asikutane nayo. Ikitokea, muuguzi mzoefu huchukua nafasi, na ndivyo inavyopasa, kwa kuwa uhai wa mtoto ndio unaotangulia. Lakini mwanafunzi huyohuyo kesho hupangiwa zahanati ya kijijini, zamu ya usiku, akiwa peke yake. Mafunzo kwa kuigiza yapo ili asishike ambu kwa mara ya kwanza usiku huo.

Vifaa vya mafunzo haya havihitaji umeme wala maabara ya kifahari. Mdoli aitwaye NeoNatalie hujazwa maji hadi awe na uzito na ulegevu wa kichanga. Mkufunzi akiminya vipira vyake, mdoli hupumua, hulia, au kitovu hupiga mapigo. Kifaa kingine, MamaNatalie, huvaliwa tumboni na mtu halisi anayeigiza mzazi. Anaweza kuachia ghafla maji mekundu mfano wa damu, na hapo mwanafunzi aite msaada, asugue tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, achome sindano ya oksitosini, huku akimweleza mama kinachoendelea. Mdoli wa mezani hamfundishi mtu kuzungumza na mama mwenye hofu.

Hata hivyo, kununua mdoli si kufundisha. Ushahidi wa wazi unatoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 watumishi wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua. Walipopimwa kwa mdoli walifanya vizuri zaidi kuliko awali, lakini huduma kwa watoto halisi haikubadilika. Ndipo kuanzia Februari 2011 hospitali ikaleta zoezi fupi la dakika tatu hadi tano kila wiki, palepale wodini, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Watoto wengi zaidi walisuguliwa na kusafishwa njia ya hewa, na waliohitaji ambu wakapungua.

Maana yake ni kwamba ujuzi huu huchuja haraka usiporudiwa. Semina ya siku nzima yenye posho na cheti haiwezi kushindana na dakika tano za kila wiki.

Baada ya kila zoezi kuna sehemu isiyopaswa kurukwa: mazungumzo. Mkufunzi humuuliza mwanafunzi aliona nini, alifanya nini na kwa nini, kisha zoezi hurudiwa mara moja. Akigombezwa mbele ya wenzake ataficha makosa, na makosa yaliyofichwa darasani huhamia leba.

Kwa wakuu wa vyuo vya ukunga na waganga wafawidhi, ombi langu ni moja. Mdoli akifungiwa kabatini ili asichakae, fedha iliyomnunua imepotea. Mtoeni, mwekeni karibu na chumba cha kujifungulia, mpangeni mkunga mmoja asimamie zoezi la kila wiki, na kila mwanafunzi apate zamu yake. Mdoli akichakaa kwa kutumika, amefanya kazi yake.