Je, Wajua? Bunduki Moja, Mitutu Mitatu

Kanga anayechomoka majanini hutaka marisau yanayotawanyika. Swala aliyesimama mbali hutaka risasi moja iliyolengwa. Wajerumani waliunganisha vyote katika “drilling”: kwa kawaida mitutu miwili ya marisau, na chini yake mmoja wa risasi.

Katika Vita Kuu ya Pili marubani wa Kijerumani Afrika Kaskazini walipewa drilling aina ya M30, wapate kitoweo na kujilinda ndege ikianguka jangwani.

Kasoro? Bei kali, na risasi ni moja tu kabla ya kujaza tena. Mbele ya nyati aliyejeruhiwa, ni kujitakia balaa!

Na kumbuka: ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti uwindaji ni marufuku, uwe na mtutu mmoja au mitatu.